Pikapu yako ni tu-wili? Usikimbilie kuivalisha fo-wili!

Kuna ugonjwa umeingia hapa mjini, na dawa yake haiuzwi duka la madawa. Ugonjwa wenyewe unaitwa fo-wili. Zamani kijana akipata vijisenti aliwaza redio kubwa, godoro la futi sita na viatu vya kuendea disko. Siku hizi anawaza gari lenye miguu mirefu. Hata kama safari yake ya mbali kuliko zote ni kutoka Tabata kwenda Kinondoni kumuona mchumba, anataka gari ambalo abiria akitaka kupanda lazima ainue goti mpaka karibu na kidevu. Dada akiwa kavaa sketi ya kubana, hilo ni tatizo lake mwenyewe.

Hao wa sketi na mchumba sina ugomvi nao. Pesa yao, raha yao. Leo nataka tuongee na wale wengine, vijana wenye pikapu ya kutafutia riziki, inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, ile tunayoiita tu-wili. Gari zima, injini nzima, linaleta mshiko nyumbani. Halafu siku moja mwenye gari anakaa kijiweni, fundi anapita, anaitazama pikapu kama daktari anavyomtazama mgonjwa, anasema: “Hii mbona unaigeuza tu fo-wili, bosi? Wiki mbili kazi imekwisha.” Kuanzia hapo usingizi hauji.

Nalijua kwa sababu limeingia mpaka ndani ya ukoo wetu. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ana Hilux ya zamani, zile ambazo namba ya chasisi inaanza na LN85, injini ya dizeli. Rangi yake ilikuwa nyeupe, siku hizi ni ya maziwa ya mgando. Anapakia mboga Mgeta, kule milimani Uluguru, anateremsha Morogoro mjini, na mara nyingine anafunga turubai na kuja nazo mpaka Soko la Ilala. Kabichi, karoti, njegere, viazi. Kiangazi yeye ni mfalme. Ikifika masika, Machi mpaka Mei, anageuka mteja wa trekta. Zile njia za kuchepuka kuingia mashambani zina udongo mwekundu ambao ukilowa unakuwa kama sabuni ya mche. Gari linapiga kelele, gurudumu linazunguka, utingo anasukuma mpaka anaonekana meno tu, na kabichi zinasubiri. Kabichi inaweza kuvumilia. Njegere zikilala siku mbili kwenye turubai zimelowa, hizo umeshawalimia mbuzi.

Sasa fundi kamwambia habari ya kugeuza, na binamu kaiamini kama mtu aliyeota namba ya bahati nasibu. Pesa hana, ila mama yake anayo. Shangazi alistaafu ualimu, na kwenye kiinua mgongo chake kimebaki kipande. Kipande hicho ndicho bati la nyumba ambayo haijaezekwa, ndicho dawa za presha, ndicho nauli ya kwenda misibani. Akanipigia simu jioni: “Baba, wewe unaandika magazetini, mdogo wako atakusikiliza. Hela hii ndiyo ya mwisho. Kama gari litapona nimpe. Kama halitapona, mwambie wewe, mimi mtoto wangu siwezi kumnyima.”

Umeona mzigo huo? Nikafunga safari.

Kabla sijakueleza nilichokikuta gereji, tuweke jambo moja sawa, maana vijana wengi wanadhani fo-wili ni kifaa kimoja kinachofungwa kama redio. Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na kwa miaka 11 ya kwanza ilikuwa tu-wili tupu. Ya fo-wili ilikuja mwaka 1979. Haikuwa pikapu ileile iliyoongezewa kitu. Ilikuwa gari lenye tumbo lingine. Hata hizo za binamu, za kati ya mwaka 1988 na 1997, ukiweka LN85 tu-wili na LN106 fo-wili pamoja utasema ni mapacha, kabini moja, taa zilezile. Ziinue sasa utazame chini. Ya tu-wili mbele ina mikono miwili kila upande na vyuma vya kujinyonga badala ya springi, kila gurudumu linacheza kivyake. LN106 mbele ina ekseli nzima imelala kutoka gurudumu mpaka gurudumu, imekalia springi za majani kama nyuma, na difu imebenuka kama tumbo la mwenye nyumba. Ndugu wa baba mmoja, mama tofauti.

Basi tukafika gereji. Fundi mwenyewe si mbaya, mcheshi, mikono yake inajua spana. Nikamwomba anihesabie atakachofunga. Akaanza kwa vidole, vidole vikamwishia.

Transfa, hiyo ndiyo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Lakini gia boksi ya tu-wili ina mkia mrefu usiokuwa na pa kufungia transfa, kwa hiyo gia boksi nayo inabadilishwa. Ikibadilishwa, propela shafti ya nyuma inakuwa ndefu mno, inakatwa au inatafutwa nyingine, na ya mbele inaongezwa. Ekseli ya mbele na difu yake. Habu za mbele, zile za kufunga kwa mkono, ambazo ukinasa unateremka na viatu vyako vya sikukuu kwenda kuzizungusha matopeni. Ile mikono ya mbele inakatwa yote, na pembe za chasisi zinachomelewa vishikio vya springi. Boksi ya stelingi inahama, kwa sababu kwenye ekseli nzima inasukuma kwa namna nyingine kabisa. Sampu ya oili inagombana na difu, nayo ibadilishwe pamoja na bomba lake la kunyonya. Paipu za breki zimekuwa fupi. Kebo ya spidi. Chuma cha kubebea gia boksi kinasogea nyuma.

Nikamuuliza: “Na difu ya nyuma, fundi?”

“Hiyo tunaiacha, kaka. Si ipo?”

Hapo ndipo nilipovuta kigoda nikakaa. Msomaji wangu, hata ukisahau mengine yote, hili likumbuke. Difu zina uwiano, yaani propela izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye Hilux utakutana na 4.10, 4.30, 4.56 na nyinginezo. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe sawa kabisa. Tuseme nyuma umebaki na yako ya 4.30 na mbele umefungiwa ya 4.10 kutoka gari la watu. Unapoweka fo-wili, propela zote mbili zinazunguka sawasawa, lakini magurudumu ya nyuma yakizunguka mara 100, ya mbele yanataka kuzunguka karibu mara 105. Kwa tairi la kawaida hizo 100 ni kama mita 220, na mbele wanataka kwenda karibu mita 11 zaidi. Waende wapi? Chasisi ni moja! Kwenye matope tairi litateleza mambo yaishe. Kwenye ardhi ngumu vyuma vinajinyonga, leva ya transfa inagoma kutoka, na mwishowe kinachovunjika ni chenye roho nyepesi kuliko vingine. Inaweza kuwa krosi ya propela. Inaweza kuwa transfa yenyewe, ile iliyonunuliwa kwa kiinua mgongo.

Nikamuuliza binamu difu yake ni ngapi. Hajui. Fundi naye hajui ya kwake aliyoiweka pembeni imefunikwa gunia. Inajulikana kwa kuhesabu, wala haihitaji shule kubwa. Unafungua, unahesabu meno ya gia kubwa, unagawa kwa meno ya ile ndogo. 41 kwa 10 ndiyo 4.10. Kazi ya asubuhi moja. Mafundi wawili kati ya watatu wa kijiweni wataikwepa, si kwa ubaya, ni kwa haraka.

Bei aliyotaja siiandiki hapa, maana ikishatoka gazetini kesho mafundi wote wa Gerezani wataipandisha. Nikuambie tu kwamba ukiijumlisha na gia boksi ambayo hakuitaja mwanzoni, sampu ambayo aliikumbuka mwishoni, na ile difu ya nyuma, ilikuwa inakaribia tofauti ya kuuza pikapu ya binamu na kununua LN106 iliyotoka kiwandani ikiwa fo-wili. Na ya kiwandani imeshapimwa, imeshajaribiwa, spea zake zina namba moja dukani. Yako ya kugeuza ikiharibika, utaenda dukani ukaseme nini? “Naomba krosi ya LN85 ambayo mbele ni LN106 na nyuma sijui”?

Tuje kwenye breki sasa. Hapa naomba usicheke.

Ukiweka ekseli na springi za fo-wili gari linapanda juu. Vijana wanapenda, linaonekana bomba. Lakini pikapu nyingi za Toyota zina kidude kule nyuma, vali ya breki yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikikaa chini, vali inajua umepakia, inapeleka nguvu nyingi kwenye breki za nyuma. Bodi ikiinuka, inajua gari ni tupu, inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukayumba. Fundi akiinua gari bila kuirekebisha ile fimbo, vali inadanganyika. Umepakia tani moja ya viazi, na juu ya viazi umepakia akina mama watano waliokuomba lifti, unateremka Uluguru, na vali inaamini kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Za mbele peke yake zinachemka. Na ule mteremko wa kutoka Mgeta wote tunaujua.

Nilipomuuliza fundi kuhusu ile fimbo alisema huwa wanaifunga na waya. Binamu alinyamaza. Nadhani kuanzia hapo alianza kunisikiliza, kwa sababu kwenye ile pikapu mara nyingi anayekaa mbele ni mke wake na mtoto.

Wapo walioifanya kazi hii vizuri, tusiwanyime haki yao. Ufaransa, kule Alsace, kuna jamaa anaitwa Henry Dangel ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuzigeuza Peugeot 504 kuwa fo-wili, zile stesheni wageni na pikapu ambazo wazee wetu walizipenda kuliko wake zao. Alikuwa na kiwanda, michoro, vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya gari lile na si vya kuokoteza. Kwa hiyo jambo linawezekana. Linawezekana kiwandani. Chini ya mwembe, na mashine ya kuchomelea inayozimika kila umeme ukikatika, ni habari nyingine.

Lakini swali lenyewe hasa si kama inawezekana. Swali ni: hivi kinachomnasisha binamu ni nini?

Nikamwambia anisimulie safari moja ya masika tangu asubuhi. Akasimulia. Anaondoka Morogoro alfajiri, gari tupu, yeye na utingo. Anapanda. Ananasa kwenye vilima vya kuingia mashambani, anasukumwa na wanakijiji kwa malipo, anafika. Anapakia. Anarudi taratibu, anateleza kidogo, lakini kurudi si sana. “Kurudi si sana?” “Si sana, kaka. Ni kwenda ndiyo soo.”

Kumbe! Jamaa ananasa akiwa mtupu, tena akiwa anapanda. Pikapu tupu uzito wake wote uko mbele, kwenye injini, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, ambayo hayajakaliwa na mtu. Wakati wa kurudi tani moja imekalia ekseli ileile, tairi linabana ardhi. Na wakati wa kuteremka na mzigo, kinachotakiwa ni breki, gia ndogo na moyo. Fo-wili haiongezi breki. Gari lenye fo-wili na gari lisilo nayo yote yana breki kwenye magurudumu manne, tofauti ni kwamba mwenye fo-wili anajiamini zaidi, na mtaroni wanaingia wote.

Kuna na hili la difu tena. Difu ya kawaida ina tabia ya kumpa nguvu yule asiye na kazi. Gurudumu moja likiwa kwenye utelezi na jingine kwenye jiwe, la kwenye utelezi linazunguka kama pangaboi na la kwenye jiwe linatazama. Kwa hiyo tu-wili yako kwenye matope ni wani-wili. Na fo-wili yenye difu za kawaida kwenye matope hayohayo inaweza kubaki na magurudumu mawili tu yanayozunguka, moja mbele, moja nyuma. Ndiyo maana unaona Landkruza za watu wenye heshima zao zimenasa na zinavutwa na ng’ombe. Ukiweka difu loki kwenye ekseli moja ya nyuma, magurudumu yote mawili ya nyuma yanazunguka pamoja, upende usipende. Bei yake ni sehemu ndogo ya ile kazi ya kukata chasisi, ila hakikisha ni ya difu yako hasa. Usiitumie kwenye lami, na kwenye njia iliyoinama ubavu uwe makini, maana nyuma inaweza kuteleza kwenda bondeni yote kwa pamoja.

Usinielewe vibaya, fo-wili ni kitu cha maana. Ile gia nzito ya transfa peke yake ni zawadi, kwenye Hilux za miaka hiyo zenye transfa ya gia inapunguza mwendo mara 2.28, gari linatambaa kama kinyonga na lina nguvu ya tembo. Tu-wili huwezi kuipata hiyo hata ukisali. Ninachosema ni kwamba watu wanalipia ekseli wakati ugonjwa wao ni tairi.

Na tairi za binamu nilizitazama. Upara. Ungeweza kunyolea ndevu kwa kujitazama humo. Mtu anataka kutoa kiinua mgongo cha mama yake afunge difu mbele, na tairi za nyuma zimekwisha meno yote!

Kama unadhani nawapigia debe tu-wili kwa uchoyo, nenda kaulize historia ya Safari Rally, yale mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Matope yake hayakuwa ya mchezo. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973 na tena mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982, akiwa na Datsun za kusukuma nyuma. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ikashinda Toyota Celica, tu-wili vilevile, na wakati huo Audi Quattro za fo-wili zilikuwepo zinashindana. Fo-wili ya kwanza kuchukua kikombe ilikuwa Audi mwaka 1987, na Hannu Mikkola kwenye usukani. Zaidi ya miaka 30 ya matope ya Afrika Mashariki ilibebwa na magurudumu mawili. Ni kweli walikuwa na mafundi kila kona na dereva hakuwa binamu yangu.

Basi tukakaa na daftari. Tairi mbili mpya za nyuma zenye meno ya matope, pana kidogo lakini zisizogusa bodi. Pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye betri, ili njia ikiwa laini au ya mchanga ashushe upepo kutoka 35 mpaka kama 20 akiwa mtupu, na akifika barabara nzuri au akipakia aurudishe. Wengi wanashusha, hawarudishi, halafu wanashangaa tairi limepasuka Mikese. Sepeto, mbao mbili nene, kamba ya kuvutia na ndoano nzima. Difu loki akishapata nafasi. Vyote hivyo havikufika robo ya hela ya fundi.

Kisha lile la uzito. Mimi nilisema aweke mifuko ya mchanga nyuma wakati wa kupanda. Utingo, ambaye muda wote alikuwa amekaa pembeni anakula muwa, ndiye akatoa la maana kunizidi: “Kaka, kwa nini tubebe mchanga? Kule juu si wanataka mbolea?” Mifuko minane ya kilo 50 ni kilo 400, zimekaa pale pale juu ya ekseli ya nyuma, na kila mfuko una nauli yake. Tulitazamana. Miaka yote jamaa anapanda mlima na gari tupu, anachoma dizeli ya bure na ananasa kwa sababu ya utupu huohuo.

Shangazi alitoa hela ya tairi mbili na pampu. Iliyobaki ilibaki. Masika iliyofuata binamu alinasa bado, sikudanganyi. Mvua zikiwa za wiki nzima bila kukatika kuna njia ambazo hata mbuzi anazikataa, na siku hizo analipa bodaboda wamteremshie magunia mpaka barabarani, faida inapungua, anarudi nyumbani analalamika. Lakini kwenye daftari lake siku za kulala njiani zilikuwa nne, na masika ya nyuma yake zilikuwa kumi na moja. Bado anaitamani LN106. Anaiwekea akiba ya nauli za mbolea, na nyumba ya shangazi imeshapata bati upande mmoja.

Najua kuna msomaji aliyeshika kiuno ananiambia, “Mimi kazi yangu ni fo-wili kweli, na gari langu nalipenda, nitaligeuza tu.” Sawa. Basi usinunue vipande vipande. Tafuta pikapu nzima ya fo-wili ya familia ileile, iliyogongwa kabini au kuungua injini, ambayo chasisi yake ni nzima na kadi yake ipo. Halafu fikiria kinyumenyume: badala ya kuhamisha vyuma kuja kwako, hamisha kabini na injini yako kwenda kwenye chasisi ile. Kukata kunapungua, difu zote mbili zinakuja zikiwa ndugu, stelingi na breki ziko mahali pake. Ila ujue kwamba utambulisho wa gari ni namba ya chasisi, na kadi ina namba ya injini pia. Kwa hiyo kabla ya spana ya kwanza nenda TRA na trafiki uulize utaratibu, lipa kinacholipwa, na watu wa bima waandikie barua. Chasisi isiyo na kadi usiiguse hata ukipewa bure, hiyo itakupeleka polisi kueleza mambo usiyoyajua. Na kama pikapu yako ni zile za siku hizi, tu-wili lakini imezaliwa ndefu kwa kimo cha fo-wili, una bahati, kwa sababu chasisi yake iko karibu sana na ya nduguye na kukata kunakuwa kidogo.

Siku ya kukabidhiwa usitoe hela ya mwisho gereji. Inua gari likae juu ya stendi nne, zungusha propela ya mbele na ya nyuma kwa mkono, hesabu, uone magurudumu yanaenda sawa. Zungusha stelingi mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, utazame paipu za breki kama zinavutika. Tazama ile fimbo ya vali kama imerekebishwa au ina waya. Kisha pakia tani moja, ya mchanga inatosha, mweke fundi mwenyewe kiti cha abiria na muende mteremko wowote mfupi usio na watu. Fundi akikataa kupanda, umeshapata jibu lako bila kuchoma hata lita moja.

Haya, wiki ijayo nina barua ya dada mmoja wa Temeke ambaye mchumba kanunua gari kwa hela ya mahari na sasa anataka harusi iahirishwe mpaka gari “lirudishe”. Nimeshaisoma mara tatu na bado sijui nicheke au nilie. Tukutane hapahapa.